Mtoto Mwenye Usonji: Kwa Nini Mama Atumwe Ofisi Nne?



Barua nyingi tunazopokea katika ukurasa huu wa afya huuliza juu ya malaria, presha na sukari. Mara chache sana hutufikia barua ya mzazi mwenye mtoto asiyesema, asiyemtazama mtu usoni, anayelia usiku kucha bila ugonjwa unaoonekana. Si kwamba watoto hao hawapo. Wapo, lakini wamefichwa nyumbani.

Kanisani, nyuma kabisa karibu na mlango, wengi wetu tumewahi kumwona mama aliyesimama na mtoto wa miaka minne au mitano ambaye hatulii. Kwaya ikianza, mtoto huziba masikio. Hujizungusha, hupiga kelele, na akiitwa jina haitiki. Watu hugeuka kutazama. Baada ya Jumapili mbili tatu mama yule haonekani tena, na akiulizwa katika jumuiya husema mtoto ana homa.

Mwaka jana wawili kati yetu tulimsindikiza mama mmoja wa namna hiyo, hapa kwetu Pwani, kuwatafutia yeye na mwanawe huduma ambazo serikali inasema zipo. Ameturuhusu tusimulie, ila jina na kijiji tuviache. Tulidhani itakuwa kazi ya siku mbili. Tulikuwa wajinga.

Usonji ni nini

Kabla ya safari hiyo, tueleze kidogo. Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza mapema sana, mtoto akiwa bado mdogo au hata kabla hajazaliwa. Mtoto mwenye usonji hupata shida kuwasiliana na kushirikiana na wenzake, na mara nyingi hushikilia mambo yale yale: kupanga vifuniko vya chupa mstari mmoja, kupunga mikono, kula chakula cha aina moja tu. Sauti, mwanga au mguso wa nguo vinaweza kumsumbua kuliko sisi tunavyofikiri. Usonji si laana, si jini, wala si malezi mabaya. Chanjo hazileti usonji. Jambo hilo limechunguzwa sana na katika nchi nyingi. Baadhi ya watoto hawa huwa pia na kifafa, na kifafa kina dawa katika hospitali za serikali, kwa hiyo mtoto anayeanguka asiachwe hivi hivi kwa kuwa "ndivyo alivyo".

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya kila 127 duniani alikuwa na usonji. Chukua parokia yenye waumini 2,000 uifanyie hesabu hiyo: ni watu kama 15 au 16. Tuwahesabu tunaowaona kwenye Misa. Wengine wako wapi?

Mzazi aangalie mapema. Mtoto wa mwaka mmoja asiyegeuka akiitwa jina, asiyeonyesha kitu kwa kidole, asiyepunga mkono wa kwaheri. Mtoto wa miaka miwili asiyeunga maneno mawili, kama "mama njoo". Na zaidi ya yote, mtoto wa umri wowote aliyekuwa akisema maneno kisha akayapoteza. Hizo ni dalili za kumpeleka akapimwe. Si kila mtoto aliyechelewa kusema ana usonji. Wengine hawasikii tu, ndiyo maana masikio yapimwe kwanza.

Mwana wa mama yule alikuwa akisema "mama" na "maji" akiwa na mwaka na nusu. Akanyamaza. Nyanya yake akasema ameona kitu kisimani. Mbuzi wawili waliuzwa kwa ajili ya mganga. Kisha mama akaenda zahanati, akaambiwa kwamba wavulana huchelewa kusema, asubiri. Alisubiri miaka miwili. Hatutaki kumlaumu nyanya peke yake, maana kauli ya mganga na kauli ya zahanati zilimgharimu mtoto muda ule ule.

Ofisi nne

Sasa, huduma za umma kwa mtoto kama huyu ni zipi? Zipo, na yafaa kila mzazi azijue.

Ya kwanza ni kituo cha tathmini ya elimu, ambacho wengi hukiita kwa herufi zake, EARC. Vituo hivi vilianza nchini Kenya mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na viko chini ya Wizara ya Elimu. Mwalimu wa elimu maalum humtazama mtoto, humhoji mzazi, kisha hushauri mtoto asome wapi: darasa la kawaida, kitengo maalum ndani ya shule ya kawaida, au shule maalum. Mzazi hahitaji kuwa na kadi yoyote ndipo aende huko. Wengi hawajui hata kwamba kituo hicho kipo. Aulize katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo.

Ya pili ni hospitali. Huko ndiko kuna daktari wa kuthibitisha hali ya mtoto, na kama bahati ipo, kuna mtaalamu anayewafundisha watoto kazi za kila siku kama kushika kijiko na kuvaa nguo, na pengine mtaalamu wa usemi. Tangu mwaka 2013 hospitali hizi, isipokuwa zile kubwa za taifa, ziko mikononi mwa serikali za kaunti.

Ya tatu ni Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, linalosajili na kutoa kadi. Usajili hauwezekani bila fomu ya tathmini iliyojazwa na hospitali ya serikali iliyoteuliwa kwa kazi hiyo, tena na wataalamu zaidi ya mmoja. Kadi hiyo ndiyo hufungua njia ya kuomba misaada ya baraza, kama vile karo na vifaa.

Ya nne ni ofisi ya ustawi wa jamii, ambayo hufanya kazi na chifu. Huko ndiko kuliko na fedha za Inua Jamii kwa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kuangaliwa usiku na mchana: shilingi 2,000 kwa mwezi. Si kila anayestahili huzipata, kwani uandikishaji hufunguliwa kwa awamu, na aliyefichwa nyumbani hawezi kuandikishwa.

Ukizisoma hivi zinapendeza. Tatizo ni kwamba ofisi hizi nne hazizungumzi. Elimu ni ya Nairobi, hospitali ni ya kaunti, kadi ni ya baraza, fedha ni za idara nyingine tena. Anayebeba karatasi kutoka meza moja hadi nyingine ni mama, akiwa na mtoto mgongoni au amemshika mkono, mtoto ambaye umati wa watu na honi za matatu ni mateso kwake.

Tuliyoyaona

Siku ya kwanza tulifika hospitalini saa moja asubuhi. Tuliambiwa jopo la tathmini hukaa siku moja kwa mwezi, na siku hiyo ilikuwa imepita wiki iliyotangulia. Hakuna tangazo lililobandikwa mlangoni. Tukarudi mwezi uliofuata; safari hii mmoja wa wataalamu alikuwa semina, na fomu haiwezi kutiwa sahihi bila yeye. Mara ya tatu mtoto aliogopa foleni, akajitupa chini na kujipiga kichwa sakafuni, na mlinzi akamwambia mama amtoe nje ili asisumbue wagonjwa. Mama alimtoa nje. Jina lake likaitwa akiwa nje.

Nauli ya kwenda na kurudi kwa watu wawili ilikuwa sawa na alichopata kwa kufua nguo za watu siku tatu. Hapo hatujahesabu siku ile ya safari ambayo hakufua.

Alipofika mbele ya jopo, mara ya nne, ilitakiwa hati ya kuzaliwa ya mtoto. Mtoto alizaliwa nyumbani na hati hakuwa nayo. Hilo nalo likawa safari ya peke yake. (Wazazi vijana mnaosoma hapa, hata kama watoto wenu ni wazima kabisa, wachukulieni hati za kuzaliwa sasa. Hamjui ni lini mtaihitaji.)

Katika kila ofisi alisimulia habari yake upya. Mimba ilikuwaje, alilia alipozaliwa, alitambaa lini, ninyi ni ndugu na mumeo? Mwalimu wa kituo cha tathmini alikuwa amekwisha kuandika yote hayo kwa mwandiko mzuri, kurasa mbili, lakini hospitalini walisema karatasi ya elimu si ya kwao. Tunakiri kwamba wahudumu wengi tuliowakuta walikuwa watu wema na wachache kwa idadi. Muuguzi mmoja alimpa mtoto chapati yake. Lakini wema wa muuguzi hauwezi kuunganisha ofisi nne.

Maoni yetu

Wako wanaosema dawa ni fedha zaidi. Hatukatai. Kwa muda mrefu mgao wa elimu ya msingi bila malipo umekuwa shilingi 1,420 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na mwenye mahitaji maalum huongezewa 2,300. Gawanya hizo 2,300 kwa miezi kumi na miwili uone kinachobaki: hazifiki shilingi 200 kwa mwezi. Kikao kimoja tu katika kliniki ya binafsi kinaweza kumeza nyongeza ya mwaka mzima. Ndiyo, fedha ni kidogo mno, na wabunge wetu waambiwe hivyo.

Hata hivyo, mambo mawili yangeweza kufanywa bila kungoja bajeti mpya.

La kwanza: ofisi nne zikutane mahali pamoja, siku moja kila mwezi mitatu, katika kila kaunti ndogo. Meza nne, ukumbi mmoja. Mwalimu wa tathmini, madaktari wa jopo, afisa wa baraza na afisa wa ustawi wa jamii. Mzazi asimulie mara moja, karatasi itoke meza hadi meza mbele ya macho yake. Wataalamu hao tayari wanalipwa mishahara, na tayari husafiri kwa mikutano. Kumbi za parokia zipo, na siku za kazi nyingi hukaa tupu. Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu ilitiwa sahihi mwezi wa Mei 2025 kuchukua nafasi ya ile ya mwaka 2003. Kabla yake, Katiba ya 2010 ilikwisha kusema katika Ibara ya 53 kwamba kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria hatujapungukiwa. Tumepungukiwa siku moja ya watu kukaa pamoja.

La pili, na kwetu ndilo zito zaidi: mafunzo yaanze kabla ya kadi. Mfumo wa sasa unamweka mtoto katika foleni ya karatasi, na anapofika mwisho wa foleni ana miaka saba. Miaka ya kwanza, ambapo ubongo hushika mambo kwa wepesi, imekwisha kupita. Shirika la Afya Duniani limetayarisha mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye kuchelewa au ulemavu wa ukuaji. Ni vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani. Anayefundisha si lazima awe daktari wala mtaalamu wa usemi. Mhudumu wa afya ya jamii aliyeandaliwa vizuri anaweza. Wala mtoto hahitaji kuwa amepimwa na kupewa jina la ugonjwa. Mafunzo haya yamejaribiwa hapa Kenya na Ethiopia, na katika nchi nyingine nyingi. Mwaka 2023 serikali yetu iliwaingiza kazini wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000. Wanapita nyumba kwa nyumba wakipima presha. Mbona wasiandaliwe kwa hili pia, hata wawili tu katika kila kata?

Tumeambiwa na ofisa mmoja kwamba hilo ni kumpa maskini huduma ya watu wasiosomea, na tajiri apate mtaalamu. Ni pingamizi la haki, na tulilifikiria. Jibu letu ni kwamba mama aliyefunzwa na mhudumu wa kijiji bado atahitaji mtaalamu, na kaunti bado inadaiwa mtaalamu huyo. Lakini kati ya leo na siku mtaalamu atakapofika, mtoto hukua. Sisi hatuoni heshima gani anapewa maskini kwa kuachwa bila chochote.

Isitoshe, mengi mazuri tuliyo nayo yalianzishwa na wazazi wenyewe. Kitengo cha watoto wenye usonji katika Shule ya Msingi ya City, Nairobi, kilianza mwaka 2003 kwa juhudi za wazazi waliochoka kuambiwa wangoje, ndani ya shule ya serikali, na walimu wa serikali.

Mzazi afanye nini sasa

Nenda kituo cha tathmini kwanza, usingoje hospitali. Nunua daftari moja, uandike ndani yake tarehe za kila ofisi uliyokwenda, jina la uliyemwona na alilokuambia, maana ukirudi baada ya mwezi utakuta mtu mwingine. Kila karatasi itolewe nakala kabla haijatoka mkononi mwako. Piga simu kuuliza siku ya jopo kabla ya kupanda gari. Hakikisha jina la mtoto limeandikwa chini yako katika bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Na mtu akikuomba pesa ili "akuharakishie" kadi, usimpe.

Nyumbani, kaa chini usawa wa macho ya mtoto. Akicheza na kifuniko, cheza nawe na kifuniko. Usimnyang'anye umpe unachotaka wewe. Tumia maneno machache: "kunywa maji", si hotuba. Ngoja kidogo kabla ya kumpa kikombe, umwachie nafasi ya kuomba, hata kwa kuonyesha mkono, na akiomba mpe papo hapo. Mambo yale yale yafanyike kwa mpangilio ule ule kila siku, kuoga kisha chakula kisha kulala, kwa kuwa mtoto huyu hutulia anapojua kinachofuata. Mtoto asifungwe kamba wala kufungiwa chumbani. Ikiwa unahofia atatoroka barabarani, waeleze majirani na mwenye duka. Wengi husaidia wakielezwa. Akina baba nao washike zamu. Tumeona nyumba nyingi ambamo mama huangalia mtoto saa zote ishirini na nne, na baba huuliza jioni kwa nini chakula kimechelewa.

Tukubali pia kosa letu sisi wa kanisani. Mtoto akipiga kelele wakati wa mahubiri hakuna aliyeumia. Wanaokaribisha watu mlangoni wangeweza kumtafutia mama huyu kiti pembeni, mbali na spika, karibu na mahali pa kutokea, na kumwambia akitoka arudi. Katika jumuiya moja tuliyoitembelea, akina mama wamegawana Jumamosi: kila mmoja humkalia mtoto saa mbili ili mama yake aende sokoni au alale. Hakuna aliyewafundisha.

Mama yule tuliyemsindikiza alipata kadi baada ya miezi kumi na mmoja. Fedha za Inua Jamii hajaandikishwa. Mtoto amepokelewa katika kitengo cha shule iliyo kilomita sita kutoka kwao, na anakwenda siku tatu kwa juma kwa sababu nauli ya siku tano haipo. Mtaalamu wa usemi hajamwona hata mara moja. Mwezi wa tatu mwaka huu mtoto alivuta kanga ya mama yake, akaonyesha mtungi kwa kidole, akasema "maji".

Tumemwomba Padre ukumbi wa parokia kila Jumapili ya pili ya mwezi baada ya Misa ya pili, na amekubali. Tutawaalika mwalimu wa kituo cha tathmini na wahudumu wa afya ya jamii wa kata zetu, na tumekwisha kuiandikia barua ofisi ya afya ya kaunti kuhusu zile meza nne. Jibu likija tutalichapisha hapa, na lisipokuja tutachapisha barua yenyewe. Wazazi wafike na watoto wao, na hati ya kuzaliwa kama ipo. Kelele haitamsumbua mtu.